Barawaji wa Dungu Namba Mbili

Kazi ya wifi yangu ilikuwa kufukuza ndege, na kwa miaka thelathini na miwili aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote pale shambani. Nasema hivyo mimi ambaye sina desturi ya kumsifu. Siku alipoletwa nyumbani kuwa mke wa kaka yangu nilimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, nikamnong'oneza mama, "Huyu na mikono kama njiti ataweza nini?" Kumbe alikuwa upande wa pili wa ukuta, anavua viatu. Akajibu kwa sauti ya juu, "Nitaweza kukuogesha wewe ukizeeka, wifi." Tangu siku hiyo hatukupumzishana.

Shamba lenyewe ni la ngano, vitalu kumi na viwili, mavuno mawili kwa mwaka. Kati ya vitalu yako madungu manne. Dungu ni jukwaa la miti lenye ngazi ya vidato saba na kipande cha bati juu cha kukinga jua, na mwamia ndege hukaa pale tangu kunapopambazuka hadi jioni, wiki zote zile ngano inapojaza punje. Kutoka dunguni zinatoka kamba tano zilizofungwa makopo yenye mawe ndani, zimetambaa juu ya masuke hadi mwisho wa kitalu. Kwelea wakishuka, unavuta kamba. Wakiizoea kamba, unachukua kombeo. Wakilizoea kombeo, unatukana. Wifi alikuwa fundi wa yote matatu, na watu wakamwita Mama Makopo.

Mimi niko ghalani. Nashona midomo ya magunia kwa shazia na uzi wa katani, na nikitoka mlangoni kupumzisha mgongo naliona dungu namba mbili, lake, hatua kama mia tatu hivi. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Kwa waamia ndege wengi, ndege ni wa aina mbili tu, mwizi na asiye mwizi. Asiye mwizi hawana habari naye. Wifi alikuwa tofauti, alitaka kumjua kila aliyepita. Huyu anakula wadudu, huyu amefuata maji, huyu amepotea njia. Kaka yangu alikuwa akimtania kwamba ameoa ofisa uhamiaji.

Mwaka wa pili wa kazi, akiwa na mimba ya kwanza, akaja nyumbani na habari ya ndege asiyemjua. Mdogo, saizi ya shomoro, ametua kwenye mabua ya kitalu cha jirani kilichokwisha kuvunwa, kichwa cha kijani kilichofifia, koo la njano, duara la rangi hafifu kuzunguka jicho. Na sauti mbili: moja nyembamba ya kupanda, "tilii," halafu nyingine kavu, "plet." Asubuhi moja tu, kisha akaondoka. Kaka akamwambia mimba humletea mtu mengi. Miaka sita baadaye ndege akarudi, mwaka ule mtoto wao wa pili alipougua surua. Wifi akamwita kaka atoke kazini aje aone. Alipofika, mabua yalikuwa matupu, na kaka akakatwa mshahara wa nusu siku.

Mara ya tatu ni wiki aliyokufa kaka yangu. Siku ya nne baada ya mazishi, wifi alipanda dunguni. Watu wakasema, na mimi nikasema kuliko wote, tena mbele yake: mjane gani huyu, udongo haujakauka, yeye yuko juu anavuta makopo? Jioni ile alikaa kwenye kizingiti akaniambia, "Amekuja, wifi. Yule ndege. Nimemwangalia mpaka akaondoka, na kwa muda ule sikukumbuka kama nimefiwa." Nilitaka kumjibu neno la kuuma. Nililia mimi, yeye akanishika bega. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, ingawa sijamwambia hadi leo, na nyinyi msimwambie.

Watoto walikua, wakaenda zao mijini, tukabaki wawili katika vyumba viwili na ukuta mwembamba katikati.

Mara ya nne ndiyo iliyomwingiza kitabuni. Alikuwa amekuja mtaalamu wa ndege kutoka ofisi kubwa, mtu wa makamo, mpole, soksi ndani ya kandambili, darubini kifuani. Alitumwa kuhesabu kwelea. Wifi akamteremkia na kumwambia, "Hao wezi waache. Asubuhi hii nimeona mgeni." Mtaalamu akafungua kitabu cha picha, akafunika majina kwa kiganja, akamwambia achague. Wifi akaweka kidole bila kusita. Mtaalamu akasema kwamba huyo ni barawaji wa nchi za mbali za baridi, kwamba anapungua kila mwaka kwa sababu mashamba ya kwao yamebadilika, na kwamba upande wetu hakuna aliyewahi kumwandika. Alilala siku tatu kumngoja, hakumpata. Hata hivyo akaandika, kwa sababu maelezo ya wifi hayakuwa na tundu.

Mwaka uliofuata ikaletwa orodha iliyochapishwa. Nikamsomea mwenyewe: *Barawaji. Mara moja. Dungu namba mbili, shamba la ngano. Ameonwa na mwamia ndege.* Akataka nirudie. Nikarudia mara nne, ya tano nikamwambia maneno yataisha. Kitabu akakiweka kabatini kati ya nguo zake za kutokea, na kila mgeni aliyekuja kwetu alisomewa mstari ule kabla hajapewa maji.

Sasa niwaambie kuhusu macho.

Nilijua siku alipoliamkia koti langu la mvua. Lilikuwa limetundikwa mlangoni, na wifi akalisalimu kwa heshima zote, akaliuliza habari za nyumbani. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikaona hacheki. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo: mwanga, vivuli, mtu akisimama karibu kabisa.

"Meneja asijue," akaniambia.

"Na utaamia kwa nini, kwa pua?"

"Kwa masikio. Kwelea ishirini wakishuka, wifi, ni kama mtu anamwaga mchele. Wewe huwasikii kwa sababu unaongea sana."

Na ni kweli, aliweza. Misimu miwili mizima alikaa dunguni akivuta kamba kwa kusikia tu, na wakati wa kupima mavuno, kitalu chake ndicho kilichokuwa kimeliwa kidogo kuliko vyote. Lakini meneja wetu, kijana msomi asiye mbaya, alishasema kwenye mkutano kwamba hataki mtu asiyeona vizuri apande ngazi zile. Mtu akianguka ataitwa yeye, si ngazi. Kwa hiyo nami nikawa mwongo wa pili. Asubuhi nilitembea hatua moja mbele yake nikipiga kelele za bure, "Jamani mtaro huu utazibwa lini?" ili ajue mtaro ulipo bila mtu kuona nimemshika. Kunishika alikataa kabisa. Alijua siku atakayoshikwa mkono mbele ya watu ndiyo siku atakayoshushwa, na nje ya dungu lile hakujiona kuwa mtu wa chochote. Aliniambia hivyohivyo, bila kupamba.

Basi msimu wa tatu, mavuno ya pili ya mwaka, asubuhi moja nikamwona anakuja ghalani kabla ya saa nne. Hajawahi kuacha dungu saa nne. Nikajua ameanguka. Alikuwa anacheka peke yake.

"Amekuja. Yuko kwenye mabua ya kitalu cha saba. Tilii, plet. Tilii, plet. Mpigie mtaalamu."

"Wifi, kaa. Mtaalamu akija atakuuliza umeona nini."

"Nitamwambia nimemwona. Nimemwona mara nne, nitashindwa kumweleza mara ya tano?"

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Ya kwangu ina misimu miwili na bado inaendelea. Piga simu."

Nilipiga, kwa sababu tangu macho yaanze kumsaliti sikuwa nimemwona na uso ule.

Mtaalamu alifika kesho yake asubuhi na mapema, soksi zilezile au ndugu zake. Meneja akaja naye, amefurahi kuwa na mgeni wa ofisi kubwa, na mimi nikajitia kupeleka uzi upande ule. Tukasimama wanne chini ya dungu namba mbili. Mtaalamu akamwamkia wifi kwa heshima, akatoa daftari.

"Haya mama, alikuwaje?"

"Kichwa kijani kilichofifia," akasema wifi, na alisema kama anasoma. "Koo la njano. Kifua rangi ya mdalasini. Na kamduara kwenye jicho."

Kalamu iliandika maneno machache, ikasimama.

"Koo la njano hasa?"

"Kama kiini cha yai."

Mtaalamu akakuna kidevu. "Mama, zile mara nne zote ulimwona msimu ule mwingine, wa mavuno ya kwanza, sivyo?"

"Ndiyo."

"Msimu ule wanarudi kwao kutaga. Dume anakuwa ameshavaa nguo za harusi. Msimu huu ndio wanakuja, na wanaopita ni makinda zaidi. Wana michirizi, rangi ya udongo. Koo kama kiini cha yai, mwezi huu, mimi sijawahi kuliona wala kulisoma."

Wifi aliyewajua ndege wote wa shamba lile hakujua kwamba huyu wake ana nguo mbili. Angejuaje? Alimwona siku nne tu maishani, zote za msimu mmoja. Meneja akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mtaalamu, utusamehe. Mama yetu ameota." Nilitamani kumchoma na shazia.

"Hakuna neno," akasema mtaalamu, akafunga daftari. Lakini hakuondoka. Alikuwa anatafuta namna ya kusema jambo. "Ila mama, sitaki uje ulisikie kwa mwingine. Ule mstari wa miaka minane iliyopita umesimama kwa neno lako peke yake. Hakuna picha, hakuna shahidi. Wenzangu walinung'unika tangu mwanzo, nikawaambia huyu mama hakosei. Sasa nikirudi na hili la leo sitakuwa na la kuwajibu. Itabidi tuutoe."

Nikamfinya wifi ubavuni. Nilimfinya kumwambia: nyamaza, wautoe, mstari ni mstari tu, kazi ni kazi.

"Usinifinye, wifi," akasema, kila mtu akasikia. Kisha akamgeukia mtaalamu, au alipodhani yupo, maana alikosea kidogo akawa anaongea na nguzo ya dungu. "Ile ya zamani ni ya kweli. Zote nne ni za kweli, nilimwona kwa macho yangu haya yakiwa macho. Wa jana sikumwona. Nimemsikia. Nilikuelezea wa zamani kwa sababu wa sasa siwezi kumwona. Sioni, mtaalamu. Nguzo naijua kwa kuipapasa."

Meneja akauliza, taratibu, "Tangu lini?"

"Huu msimu wa tatu."

"Na unapanda ngazi hizi?"

"Kila siku. Na kitalu changu unajua kilivyo kwenye mizani."

"Najua," akasema meneja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa mzigo asioutaka. "Mama, umenidanganya misimu mitatu."

"Nimekudanganya," akasema wifi.

Mtaalamu alikuwa amelifungua tena daftari. Akauliza kama vile hakuna kingine kilichosemwa pale, "Ulimsikia wapi?" Wifi badala ya kujibu akapanda. Vidato saba, bila kukosa hata kimoja, na mtaalamu nyuma yake. Jukwaa ni la watu wawili, mimi nikabaki kwenye kidato cha sita, kiuno kikinilaumu. Meneja akabaki chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, na hilo nililiona.

Tulikaa muda mrefu. Upepo ulikuwa mdogo. Mimi nilisikia ngano, trekta mbali, tumbo la mtaalamu. Kisha wifi akanyoosha mkono wake ule wa njiti, polepole, kama anamwonyesha mtu mlango.

"Huyo. Chini, si juu ya bua. Hatua arobaini. Sasa amesogea kulia."

Mtaalamu akaelekeza darubini alikoelekezwa na kidole. Nikaona mgongo wake unajikaza, halafu nikasikia pumzi yake.

"Mungu wangu," akasema. "Ndiye."

Na kwa furaha, bila kufikiri, akavua darubini akamwekea wifi mikononi: "Tazama, mama, tazama!" Wifi akaipokea. Akaiweka machoni. Alikaa nayo hivyo kwa muda, imeelekea kitalu cha sita ambako hakukuwa na kitu, na mtaalamu akaelewa alichofanya, masikio yakamwiva. Hata kumkasirikia nilishindwa.

"Shika wewe, wifi," akaniambia. "Niambie yukoje."

Mimi! Mimi ambaye maisha yangu yote nimetazama midomo ya magunia. Nilipapasa na lile dude hadi likatulia, na kweli alikuwepo, anatembea kati ya mabua kama mtu aliyedondosha sarafu.

"Ni mdogo. Rangi ya gunia."

"Gunia jipya au la zamani?"

"La zamani, lililonyeshewa likakauka, lina michirizi. Kifuani pia michirizi. Mdomo kama wa waridi hivi. Na jicho... ndiyo, ana kamduara, kama kavaa miwani."

"Kinda," akasema wifi. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, wala hayafuti. "Ni mtoto wa mwaka huu. Anajuaje njia?"

Mtaalamu alikuwa anaandika kwa kasi, akitafuta kamera ndani ya mfuko kwa mkono mwingine. Ndipo wifi akainua kichwa.

"Wanakuja," akasema.

"Nani?"

"Wezi. Upande wa mtaro, wengi."

Sisi hatukuona kitu. Kisha tukaona, wingu dogo la kahawia linakata kona juu ya kitalu chake. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kamba.

"Mama, tafadhali!" akasema mtaalamu. "Dakika moja tu, sijapiga picha. Ukivuta ataruka na yeye."

"Ngano hii si yangu wala yako," akasema wifi. "Na mimi bado niko kazini."

Akavuta. Makopo yakalia kitalu kizima, kwelea wakageuka hewani wote kwa pamoja, na kutoka kwenye mabua akainuka mmoja peke yake, hakuwafuata, akaelekea upande wake. Nilimfuata na darubini hadi akawa kidoa. Mtaalamu alibaki na kamera mkononi, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa kihalali.

"Umeandikaje?" wifi akamuuliza.

"Amesikiwa na mwamia ndege wa dungu namba mbili. Akaonwa na watu wawili. Na ule wa zamani unabaki."

"Wawili akina nani?"

"Mimi na wifi yako."

"Huyu? Anaingia kitabuni huyu, asiyejua kutofautisha kuku na bata?"

Alimaliza siku. Meneja alimwacha amalize, na hakutoka chini ya dungu lile hadi jioni, akijifanya anakagua kamba. Wifi aliposhuka, meneja akamwambia kesho asije. Atatafuta cha kumpa ghalani, akasema, ingawa hajui ni kipi, na sidhani kama wifi alikisikia hicho cha mwisho. "Kesho ningekuwa mapumzikoni hata hivyo," akamjibu, akajipangusa vumbi.

Tukashika njia. Wenzetu wa ghalani walikuwa wametoka, wamesimama mlangoni, habari ilishawafikia. Mbele yao wote wifi akanyoosha mkono, akatafuta kiwiko changu, akakishika. Mkono ulikuwa mwepesi hauna uzito wowote. Misimu mitatu nilingoja anishike, na sasa ameshika, nilitamani aachie, arudi juu, aniambie naongea sana.

Nilitembea polepole. Walioona walidhani ni kwa ajili yake, lakini ni mimi niliyekuwa sioni njia kwa machozi.

"Mtaro," akasema wifi.

Nikainua mguu.